Aliyenunua gari la dizeli Dar es Salaam amedanganywa na nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimeishi nalo gereji kwa miaka kadhaa, na ambalo naamini linawagusa wasomaji wako wengi wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka ng'ambo. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 19, nikianza na magari ambayo ugonjwa wake uliujua kwa kusikiliza injini na kunusa moshi, na sasa nikishughulika na magari ambayo hayasemi kitu mpaka uchomeke mashine ya kupimia. Ninayoyaandika yanahusu udanganyifu wa watengenezaji wa magari katika vipimo vya moshi wa dizeli, na yaliyowapata watu walioyanunua magari hayo kwa nia njema.

Nianze na gari moja. Mapema mwaka huu mwalimu mstaafu aliniletea gari la dizeli lililotengenezwa mwaka 2012, alilolinunua kwa fedha za kiinua mgongo kupitia dalali baada ya kushushwa bandarini kutoka Uingereza. Alikuwa akienda msibani Iringa, na katikati ya mlima Kitonga taa ya injini ikawaka, gari likaishiwa nguvu, akapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea huku malori yamejipanga nyuma yake. Nilipofungua vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, ile ambayo gereji sote tunaiita EGR, nilikuta masizi yameganda kama lami, njia imeziba kiasi kwamba hata kidole hakipiti. Nilipolala chini ya gari nikaona chujio la masizi limekatwa kwa grainda, vya ndani vimetolewa vyote, kisha ganda limechomelewa upya ili asiyejua adhani bado ni zima. Gereji nyingine ya hapahapa mjini, ambayo sitaitaja, ilimtoza fedha kwa kazi hiyo na kumhakikishia kwamba gari limepona. Mwisho niliingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikakuta kwamba gari lile lilipaswa kurudishwa kwa wakala kubadilishiwa programu ya moshi tangu likiwa Ulaya, na halikuwahi kupelekwa. Mtengenezaji naye simtaji, kwa kuwa gari moja si ushahidi dhidi ya kiwanda kizima. Nilipomweleza yote hayo mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, katika hao wote, aliyenidanganya ni nani?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa, na lile refu ndilo hili.

Udanganyifu unaojulikana kuliko wote ni ule wa Volkswagen. Tarehe 18 Septemba 2015 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza kwamba magari ya dizeli ya kampuni hiyo yapatayo 482,000, yaliyouzwa nchini humo kuanzia matoleo ya mwaka 2009, yalikuwa na programu iliyofichwa ndani ya kompyuta ya injini, na kwamba barabarani yaliweza kutoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Siku chache baadaye kampuni yenyewe ilisema injini zinazohusika zimo katika magari yapatayo milioni 11 duniani, na mkurugenzi wake mkuu, Martin Winterkorn, akajiuzulu tarehe 23 ya mwezi huohuo. Ujerumani peke yake ililazimika kuyaita gereji magari yapatayo milioni 2.4. Uingereza, nchi ambayo magari yake yana usukani upande wa kulia kama ya kwetu, ilikuwa nayo karibu milioni 1.2.

Msomaji asiye fundi anastahili kuelezwa hila hiyo ilivyofanya kazi, maana wengi wamesikia kwamba kampuni ilidanganya bila kuelewa imedanganyaje. Kipimo cha moshi kilifanyika ndani ya maabara. Gari hupandishwa juu ya rola za chuma, magurudumu yanayosukumwa na injini yakazunguka huku mengine yametulia, usukani ukakaa palepale, na mwendo ukapandishwa na kushushwa kwa mpangilio ulioandikwa katika kanuni na kujulikana na kila mtengenezaji. Ule uliotumika Ulaya wakati huo ulikwisha chini ya dakika 20. Kompyuta ya injini hupokea taarifa zote hizo: usukani umegeuzwa kiasi gani, gari linakwenda kasi gani, injini imewaka kwa muda gani, shinikizo la hewa ni lipi. Programu ilizilinganisha taarifa hizo na mpangilio wa mtihani, na ilipotambua kwamba gari liko kwenye mtihani iliusafisha moshi kikamilifu. Gari likishatoka mlangoni mwa maabara, usafishaji ulipunguzwa. Sote tunamfahamu mchuuzi anayeweka kopo zima mezani siku afisa wa vipimo anapopita sokoni, na siku nyingine zote anapima mchele kwa kopo lililobonyezwa chini.

Kwa nini kampuni yenye wahandisi hodari kiasi hicho ifanye hivyo? Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu na kuunguza mafuta kwa joto kali, na katika joto hilo nitrojeni iliyomo hewani huungana na oksijeni na kuwa zile oksidi za nitrojeni, gesi zinazochoma mapafu. Unaweza kulipunguza joto kwa kuurudisha moshi ndani ya injini, lakini ukifanya hivyo masizi huongezeka, chujio hujaa upesi, mafuta hutumika zaidi na vipuri huchakaa. Unaweza pia kunyunyizia maji ya urea kwenye bomba la moshi, njia inayofanya kazi vizuri sana, lakini inahitaji tangi, pampu, sensa na mwenye gari aliye tayari kuongeza maji hayo kila baada ya muda. Sheria ya Marekani iliruhusu gramu 0.07 tu za gesi hizo kwa kila maili, kiwango kilichokuwa kikali karibu mara nne kuliko cha Ulaya cha wakati huo. Kampuni ilitaka kumuuzia Mmarekani gari lenye nguvu, linalokula mafuta kidogo, la bei ya kawaida, na safi. Mambo hayo manne hayakukaa pamoja katika injini ile, na badala ya kumwambia mnunuzi ukweli, lile la nne likaachwa kwa siri.

Wala halikuwa tatizo la kampuni moja kushindwa hesabu zake. Julai 2021 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Volkswagen na BMW faini ya jumla ya euro milioni 875 kwa kukubaliana, wao na Daimler, wasishindane katika kusafisha moshi kuliko sheria ilivyodai, ikiwemo ukubwa wa tangi la urea. Daimler ilisamehewa faini kwa kuwa ndiyo iliyotoa siri. Nikisoma habari kama hiyo huwaza mteja wangu anayelalamika kwamba maji ya urea yanaisha haraka au kwamba sensa yake inasumbua. Ukubwa wa lile tangi ulizungumzwa mezani na watu ambao hawakumfikiria hata kidogo.

Jinsi hila hiyo ilivyogunduliwa ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi kuwasimulia vijana ninaowafundisha kazi. Hawakuigundua polisi wala kampuni shindani, bali kikundi kidogo cha watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliokuwa wamepewa kazi na shirika la utafiti la ICCT. Hawakuwa wakimwinda mtu. Walitarajia kuonyesha kwamba dizeli zinazouzwa Marekani ni safi, ili Ulaya ijifunze. Walichukua magari matatu, Jetta, Passat na BMW X5, wakafunga vifaa vya kupimia moshi kwenye buti, wakaingia barabarani. Passat waliiendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Matokeo yao, yaliyotoka Mei 2014, yalionyesha Jetta ikizidisha kiwango kati ya mara 15 na 35 na Passat kati ya mara 5 na 20, wakati BMW kwa sehemu kubwa ilikuwa ndani ya kiwango. Magari yaleyale, yalipowekwa kwenye rola za maabara ya serikali ya California, yalifaulu. Kampuni ikatoa maelezo ya kiufundi, na mwezi Desemba mwaka huo ikayaita magari karibu 500,000 kuwekewa programu mpya. Wakaguzi wa California wakapima tena na kukuta mabadiliko ni madogo, wakauliza tena, na hatimaye, ilipodhihirika kwamba matoleo ya mwaka 2016 hayatapewa kibali cha kuuzwa, kampuni ikakiri.

Sasa nije kwa wenye magari, maana wao ndio sababu ya barua hii. Marekani, makubaliano yaliyoidhinishwa na Jaji Charles Breyer wa San Francisco Oktoba 2016 yalimpa mwenye gari la lita 2.0 hiari: ama kampuni ilinunue tena kwa thamani liliyokuwa nayo kabla ya siri kufichuka, ama abaki nalo litengenezwe bila malipo endapo marekebisho yangeidhinishwa. Juu ya hapo, wamiliki wengi walilipwa fidia ya kati ya dola 5,100 na dola 10,000. Kampuni ilinunua magari yapatayo 350,000 na kuyapanga katika viwanja 37, kikiwemo uwanja wa michezo wa Silverdome uliokuwa umeachwa huko Michigan na kiwanja cha ndege katika jangwa la California. Picha za mistari ile ya magari yasiyo na dereva, yakiwa yamepangwa mpaka macho yanachoka, zilienea duniani kote. Mwezi Januari 2017 kampuni ilikubali mashtaka ya jinai na kukubali kulipa dola bilioni 4.3 za adhabu, na wafanyakazi wake wawili walifungwa huko Marekani, mmoja miezi 40 na mwingine miaka 7.

Ulaya mambo yakawa mengine kabisa. Hapakuwa na kununua tena. Mwenye gari aliandikiwa barua alipeleke gereji, na kwa injini ya lita 2.0 kazi yote ilikuwa kupakia programu mpya kwa takriban nusu saa. Injini ya lita 1.6 iliongezewa bomba fupi la plastiki lenye wavu, linalowekwa mbele ya sensa ya hewa ili hewa iingie kwa utulivu. Kifaa hicho nimekishika mkononi. Ni chepesi, na nilipokigeuzageuza nilishindwa kuamini kwamba ndicho kilichotolewa kama tiba ya kashfa iliyotikisa nchi nzima. Wenye magari wengi Uingereza na Ujerumani walilalamika kwamba baada ya programu mpya gari halivuti kama zamani, linakula mafuta zaidi, au vali ya EGR inaziba. Ujerumani aliyekataa marekebisho alihatarisha gari lake kufutiwa usajili. Kisha, tarehe 27 Februari 2018, mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaamua kwamba miji inaweza kuyapiga marufuku magari ya dizeli ya zamani, na Hamburg ikawa ya kwanza, mwezi Mei mwaka huohuo, kuyafungia barabara mbili. Mtu aliyekopa fedha kununua gari aliloambiwa ni safi akaamka asubuhi haruhusiwi kupita nalo njia ya kazini kwake, na akitaka kuliuza hakuna anayelitaka kwa bei ya jana.

Fidia ilikuja, lakini kwa kuchelewa. Februari 2020 Volkswagen ilikubaliana na chama cha kutetea walaji cha Ujerumani kulipa jumla ya euro milioni 830, ambapo kila mmiliki angepata kati ya euro 1,350 na 6,257 kulingana na aina na umri wa gari. Tarehe 25 Mei mwaka huo mahakama kuu ya shirikisho iliyoko Karlsruhe ikatoa hukumu katika kesi ya mtu mmoja aliyekuwa amenunua Volkswagen Sharan kwa euro 31,490. Mahakama ilisema kampuni ilimdhuru kwa makusudi na kinyume cha maadili mema, ikaiamuru ilichukue gari na kumrudishia fedha zake, baada ya kukata thamani ya kilomita alizolitumia. Alipata zaidi ya euro 25,000 pamoja na riba. Nawaomba wasomaji waishike vizuri habari ya mtu huyu, kwa sababu gari lile hakulinunua jipya. Alilinunua likiwa limeshatumika, mwaka 2014. Mahakama ilikubali kwamba uongo aliouziwa mnunuzi wa kwanza ulisafiri ndani ya gari mpaka kwa mnunuzi wa pili, na kwamba mnunuzi wa pili naye ni mdai halali.

Nilipofika hapo nilidhani nimempatia mwalimu wangu jibu, na karibu nimpigie simu. Kisha nikasoma hukumu iliyofuata. Julai 2020 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba aliyenunua gari baada ya Septemba 2015 hana fidia ya namna hiyo, kwa kuwa kuanzia mwezi huo kampuni ilikuwa imeutangazia umma kasoro yenyewe na kuacha mwenendo wake wa awali. Kwa Mjerumani, hoja hiyo ina mashiko. Habari ilikuwa katika kila gazeti, kila televisheni, kila meza ya wakala wa magari, na barua zilikwenda nyumbani kwa kila mmiliki aliyesajiliwa. Lakini mimi najiuliza tangazo hilo lilimfikiaje mtu wa Kariakoo, wa Ubungo au wa Mwanza, aliyenunua gari kama hilo mwaka 2018 akiwa na karatasi ya bandari mkononi na neno la dalali. Barua ya kuita gari hutumwa kwa anuani iliyoko kwenye usajili. Gari likishafutwa katika usajili wa Uingereza na kupandishwa meli, barua inayofuata inakwenda kwa mtu ambaye alishaliuza. Huku kwetu hakuna anayeandikiwa. Mwalimu hakuwahi kupokea barua hata moja, wala dalali hakumtajia jambo hilo, na kwa kuwa hajui Kijerumani na tovuti ile ya namba za chasi hakuijua, asingeweza kutafuta kitu ambacho hakujua kwamba kipo.

Sisemi kwamba sheria ya Ujerumani ingemlipa mtu wa Dar es Salaam. Ninachosema ni kwamba thamani ya udanganyifu uleule ilipimwa kwa mahali mtu anapoishi. Mmarekani alirudishiwa bei ya gari na fidia juu yake. Mjerumani alipewa sehemu baada ya miaka mitano mahakamani. Uingereza, watu wapatao 91,000 walioungana kushtaki walifikia suluhu ya pauni milioni 193 mwezi Mei 2022, bila kampuni kukiri kosa. Mtu wa mwisho katika mnyororo huo, ambaye gari lilimfikia likiwa limechoka na bado lina kasoro yake, hakupata hata karatasi ya kumjulisha.

Nisije nikaeleweka kwamba nina ugomvi na kampuni moja. Mwaka 1998 watengenezaji saba wa injini za malori, wakiwemo Caterpillar, Cummins, Mack na Volvo, walikubaliana na serikali ya Marekani baada ya kushutumiwa kwa hila ya aina hiyohiyo katika injini zipatazo milioni 1.3, hivyo mambo haya hayakuanza mwaka 2015. Daimler na Fiat Chrysler nao walilipa fedha nyingi Marekani kumaliza madai ya moshi wa dizeli zao. Rupert Stadler, aliyekuwa mkuu wa Audi, alitiwa hatiani Munich mwezi Juni 2023. Oktoba 2025 mahakama ya London ilianza kusikiliza kesi kubwa ya wenye magari dhidi ya Mercedes, Ford, Nissan, Renault na Peugeot pamoja na Citroën, makampuni ambayo yalikana madai hayo, na matokeo yake nitayafuatilia kwa makini kwa sababu magari hayo ya Uingereza ndiyo yanayopandishwa meli kuja huku.

Wala anayenunua Mjapani asijione yuko salama kabisa. Hino, ambayo malori yake yanabeba saruji na mchanga katika kila mji wetu, ilikiri Machi 2022 kwamba ilighushi takwimu za moshi na za matumizi ya mafuta, na jopo la uchunguzi likaeleza baadaye kwamba mwenendo huo ulianza angalau mwaka 2003. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilikubali kosa mbele ya mahakama ya Marekani. Januari 2024 Toyota ilisimamisha kwa muda kupeleka sokoni magari kadhaa, yakiwemo Hilux, Hiace na Land Cruiser, baada ya kubainika kwamba kampuni dada inayozitengeneza injini zake za dizeli ilitumia programu tofauti na ya kawaida wakati wa kupima nguvu ya injini. Haki itendeke: suala la injini hizo za magari lilikuwa nguvu, si moshi, na Toyota ilisema hakuna sababu ya kuacha kuyatumia. Nalitaja kwa kuwa tabia ni ileile, yaani injini inayopelekwa kwa mkaguzi si ile inayopelekwa kwa mteja.

Wapo watakaosema kwamba gesi hizi hazionekani, na kwamba mji ambao malori yake yanatoa moshi mweusi mchana kweupe una mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Nimeyasikia maneno hayo kwa wateja na kwa mafundi wenzangu. Mimi nasimama barabara ya Morogoro kila asubuhi, na ninawaona watoto wa shule wakisubiri daladala kimo chao kikiwa sawasawa na bomba la moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba moshi wa dizeli uliozidi viwango barabarani ulichangia vifo vya mapema vipatavyo 38,000 duniani katika mwaka 2015 pekee. Pua haiwezi kuutambua moshi ambao kompyuta imeuficha, na kwa sababu hiyohiyo pua zetu haziwezi kuwa mkaguzi wetu.

Hapa sharti niseme na upande wetu mafundi. Gari la dizeli lenye chujio la masizi linahitaji kukimbia masafa marefu mara kwa mara ili chujio lipate joto na kujichoma lenyewe. Foleni ya Mwenge na safari za kilomita tano kwenda sokoni hazilipi nafasi hiyo, chujio linajaa, taa inawaka, na mteja anataka gari lake leo. Kwa kuwa chujio jipya lina bei ya kutisha, fundi analikata na kumdanganya kompyuta asiulize tena. Nami nakiri kwamba mwaka 2014 nilimkatia mteja chujio kwa mikono yangu, nikaamini nimemsaidia. Siku hizi nakataa. Sisi tunaofanya hivyo tunampa mwenye gari gari lenye uongo wa pili juu ya ule wa kwanza, na tofauti yetu na wale wahandisi wa Volkswagen ni ukubwa wa gereji tu. Tena hatuna tena kisingizio cha mafuta mabaya, kwa kuwa tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, ambayo machujio mengi yanaistahimili.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Miaka hiyo ni ileile ambayo Mzungu alikuwa akiikimbia dizeli. Kwa hiyo naiomba TBS, shirika letu la viwango, katika ukaguzi wa magari yaliyotumika, iongeze hatua ya kutazama kama namba ya chasi ina wito wa mtengenezaji ambao haujatekelezwa, na ya kulala chini ya gari kuona kama chujio ni zima au ni ganda tupu. Hatua ya kwanza inahitaji simu yenye intaneti, na ya pili inahitaji tochi. Nawaomba watengenezaji na mawakala wao waliopo nchini wayafanyie magari haya marekebisho bila malipo, popote lilikouzwa mara ya kwanza na haidhuru mwenye nalo sasa ni wa ngapi, kwa sababu kasoro ni yao tangu siku ya kwanza. Na wauzaji wa yadi waibandike karatasi ya majibu ya namba ya chasi kwenye kioo pamoja na bei.

Anayejiandaa kuagiza gari la dizeli asisubiri hayo. Namba ya chasi ina herufi na tarakimu 17, na katika magari mengi ya Ulaya huonekana chini ya kioo cha mbele ukisimama nje ya gari. Muuzaji aitume kabla ya wewe kutuma fedha, na uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Muulize pia kama marekebisho ya programu yalifanyika, lini, na wakala gani aliyafanya, na umwombe picha ya chujio kwa chini.

Mwalimu nimemweleza yote niliyoyaandika hapa, nikamwambia kwamba aliyemdanganya kwanza ni aliyeiandika ile programu, na kwamba wote waliofuata, tukiwemo sisi mafundi, waliupokeza uongo huo kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba karatasi. Tumeandika barua kwa mtengenezaji, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, tukiambatanisha namba ya chasi, picha za vali iliyoziba na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Gari lenyewe liko uani kwangu, vali nimeisafisha, linasubiri chujio.

Fundi wa umeme wa magari,
Dar es Salaam
(Jina na anuani vimehifadhiwa)